Mwendo wa Marehemu Mwinyimvua

Alasiri ya Jumanne Adila alikuwa uani anachambua mchele, marehemu shemeji yake akaingia akijikokota kwa makalio. Alifariki mwaka jana. Adila akamtandikia mkeka, akaenda kumwamsha mumewe.

"Kaka yako amekuja. Hawezi kutembea."

Ausi alijua kwa nini. Miezi mitatu nyuma alicheza filamu ya kutisha na kuchekesha iliyopigwa hapohapo Bagamoyo. Yeye ndiye stelingi: maiti aliyegoma kuzikwa, anayewakimbiza waombolezaji akidai sahani yake ya pilau. Muongozaji alimwambia maiti huyo atafutiwe mwendo. Ausi akachukua wa kaka yake Mwinyimvua: mguu wa kushoto unaburuzwa, bega linaruka, kisha kwikwi. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Filamu ikaenea kwenye simu, na mwendo ukamganda. Hata msalani alikwenda akichechemea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Angeniigiza Masoud nisingekuja."

Masoud ni Mnyamwezi, mtani wao. Msibani mtani humwigiza marehemu atakavyo, watu wakacheka, na akimaliza anamwachia vyake. Ndugu wa damu haruhusiwi. Ndugu akichukua, amechukua.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Ausi hakuwa mgeni wa mila hiyo. Aliipuuza tu, maana kicheko cha watu ni kitamu. Kuna jambo ambalo hakumwambia muongozaji. Mguu ule ulivunjikia mnazini. Ausi alipokuwa mdogo aliugua surua, akalilia dafu, na Mwinyimvua akapanda huku mvua inanyesha. Sasa alijuta, tena sana, kwa kuwa mguu ndio uliochekesha kuliko vyote.

"Niwie radhi, kaka. Chukua mwendo wako."

"Radhi nimekupa. Mwendo hautoki. Nirudishe makaburini, magharibi isinikute huku."

Ausi akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Wanaume waliokaa kwa kinyozi wakamwamkia marehemu kwa adabu, wakamuuliza hali. Kisha wakauona mguu wa Ausi unavyoburuzwa, wakaangua kicheko.

"Stelingi! Tupe na kwikwi!"

Mwinyimvua alikaza mikono shingoni mwa mdogo wake. Ausi alitaka kupita tu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Lakini watu walikuwa wanangoja. Akalirusha bega juu zaidi kidogo, akatoa kwikwi.