Siku Ziwa Lilipompisha Kuluthum

Jumanne saa moja asubuhi meli ilitia nanga Nakuru, na kamba yake ikafungwa kwenye mjakaranda wa Kuluthum kama kawaida. Mti huo ulikuwa umesimama majini mwaka wa tano sasa. Chini yake kulikuwa na nyumba yake ya vyumba vitatu. Ziwa lilipopanda na kufunika mtaa, meli ya kitalii ilikuja pamoja na maji, na familia zilizokosa pa kwenda zikapewa vyumba humo. Siku sita husafiri. Jumanne hupumzika.

Siku ya bandarini haina haraka. Watu walianika nguo juu ya sitaha, wanawake wakasukana nywele kando ya bwawa la kuogelea. Mpishi alimletea Kuluthum chai ya tangawizi bila kuombwa, maana alimsikia akikohoa usiku.

Lakini Kuluthum alikuwa amevaa buibui jipya. Bwana Kimeli, afisa wa kamati ya mafuriko, angekuja kupima kiwanja chake. Mwaka jana alikuja kwa mashua, akatazama maji, akasema asipoona mawe ya mpaka hawezi kumwandika apewe kiwanja kingine. Kwa hiyo Kuluthum alimaliza chai, akainama ukingoni, akaliomba ziwa limpishe hadi alasiri.

Ziwa halikuwa na ubishi. Lilijikunja kando kama mkeka, heroe, wale ndege wa waridi, wakasogea nalo, na meli ikakaa matopeni bila kumwaga kikombe hata kimoja. Kuluthum alishuka ngazi na ufagio. Wamaitha, jirani yake wa chumba cha pili, alimfuata na viti.

"Hata sufuria yako ya pilau iko," Wamaitha alisema kutoka jikoni. "Na ulisema nimeiba."

"Nilisema umeazima."

Kimeli alifika saa sita, kwa miguu. Alikula chapati mbili, akagusa mawe yote manne, akasifu uwanja ulivyofagiwa.

"Kiwanja ni chako, mathe. Hiyo haina maneno."

"Basi niandike, mwanangu."

"Nikuandike wapi? Hii fomu ni ya watu wa mafuriko. Hapa ni kukavu."

"Boss," Wamaitha alisema, "na hiyo meli ilifikaje hapa? Ilipanda bodaboda?"

Kimeli aliitazama meli, ghorofa saba nyeupe nyuma ya choo cha Kuluthum.

"Mimi naandika chenye naona kwa kiwanja. Meli si kazi yangu."

Akaandika: kikavu, kisafi. Akashukuru kwa chapati, akaaga vizuri, akaenda zake.

Saa kumi ziwa lilirudi polepole. Lilimngoja Kuluthum afunge mlango, likamngoja tena apande ngazi na sufuria yake, maana magoti yake ni mazito. Halikulowesha hata pindo la buibui. Aliliona hilo, akaliinamia.

"Wewe ulifanya ulichoombwa," aliliambia. "Mwakani akija, usiondoke lote. Baki hadi magotini. Mawe yaonekane, na yeye alowe."

Ziwa lilitulia, kama linavyofanya likisikiliza.

Honi ililia. Mabaharia wakafungua kamba kutoka kwenye mjakaranda, na Wamaitha akabisha mlango wa Kuluthum kuazima sufuria.