Askari wa Pembeni

Fundi miwani alijiandikisha kwenye mashindano ya sataranji kwa sababu moja tu: nyumbani hakuwa tena na wa kucheza naye. Kwa miaka kumi na minne alicheza na wifi yake kila jioni, vyombo vikishaoshwa. Mume alipoondoka zake, dada mtu alikataa kumfuata. "Kaka yangu ndiye mpumbavu, mimi nina kosa gani?" Basi wakabaki wawili, wakitaniana mpaka majirani wakawazoea. Mwaka huu wifi, na miaka yake hamsini na mbili, akaolewa na mpima ardhi, akahamia mbali. Harusini fundi miwani alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Kisha akarudi kwenye nyumba iliyonyamaza kimya.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mpinzani wake, mwalimu wa hesabu mwenye mafua, alifungua mchezo kwa kusogeza askari wa pembeni kabisa, hatua mbili. Watu wa meza ya jirani wakatazamana. Nani anaanza hivyo?

Wifi. Kila siku, huku akisema, "Naamsha mlinzi wa geti."

Fundi miwani alibaki akimtazama yule askari. Zikapita dakika sita.

"Dada, zamu yako," mwalimu alisema kwa upole.

"Najua."

Akasukuma askari wa katikati, kisha farasi. Dawa ya ufunguzi ule aliijua siku nyingi. Nyumbani hakuwahi kuitumia yote, maana wifi akishindwa alikuwa ananuna hadi asubuhi. Leo hakubakiza. Kwenye hatua ya ishirini na tatu, mfalme wa mwalimu alikosa pa kukimbilia.

"Umenikamata kweli! Nani alikufundisha?"

"Wifi yangu."

"Mwambie aje naye."

Fundi miwani alitoka hadi kwenye korido, akapiga simu. Wifi akapokea, vicheko vimejaa nyuma yake.

"Wifi! Mzima?"

"Mzima. Nimeshinda. Mtu kaniamshia mlinzi wa geti."

"Mlinzi gani? Sikusikii, kuna wageni hapa. Nitakupigia baadaye, sawa?"

"Sawa. Wasalimie."

Alisimama na simu mkononi mpaka mwamuzi akaita raundi ya pili. Akaizima, akaingia. Raundi hiyo alichapwa vibaya. Mwamuzi alipouliza nani atarudi mwezi ujao, fundi miwani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.