Sauti ya Kufika Mjini

Mustafa ni mtangazaji mzuri sana akiwa studio. Mtoe nje ya mji, anaharibika. Alianzia kwenye gari la matangazo, akizunguka mitaa ya Ipuli, hapa Tabora mjini, na spika mbili juu ya paa kutangaza mikutano na sabuni, na tangu hapo anaamini sauti ni mzigo: kadiri ulivyo mbali, ndivyo unavyopaswa kuusukuma. Akiwa Kigwa hupaza. Akiwa Usoke, ambako ni mbali zaidi, hufoka, utadhani sauti itatembea kwa miguu hadi Tabora kwa njia ya misafara ya zamani.

Mimi ndiye fundi mitambo wake. Nampandisha anayenong'ona, namshusha anayefoka. Lakini Mustafa akifoka, sauti hupasukia kwenye maiki yenyewe, na hapo ushushe usishushe, imeshapasuka. Mara tatu wasikilizaji walilalamika, na mara tatu lawama zikaniangukia mimi.

Jumatano, Bi Shamila, mkuu wetu wa vipindi, aliniita. "Zuwena mwanangu, mkataba wako unaisha mwezi huu. Kesho huko Usoke sauti ikipasuka tena, sitakuwa na la kukutetea."

Mustafa alikuwa amekaa pale pale, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Niliumia sana.

Kesho yake tulifika Usoke kutangaza moja kwa moja mkutano wa wakulima wa tumbaku. Kwenye majaribio alisema "moja, mbili" kwa upole wa bwana harusi. Nilimjua. "Kaka Mustafa, tukiingia hewani usipandishe zaidi ya hapo."

"Dada, hapa ni Usoke," akanijibu.

Basi maiki nikaiacha ilivyo. Nikashika kitufe cha sauti ya hedifoni zake, nikaipandisha. Alipofoka "Wasikilizaji", sauti yake mwenyewe ikamvamia masikioni, akashtuka, akapunguza. Kila alipojisahau, nilimwongezea. Baada ya dakika tano alikuwa anaongea kama mtu mwenye mtoto aliyelala chumba cha pili. Mzee Masolwa, mmoja wa wakulima, alieleza habari za tumbaku iliyolowa, akasikika hadi pumzi.

"Leo mjini pamekuwa karibu," Mustafa aliniambia.

"Ndiyo, kaka."

Tuliporudi, Bi Shamila alimsifu mbele ya wote. Mustafa akasema ni uzoefu tu. Mimi nilikuwa nimetulia, nasubiri mkataba wangu.

"Zuwena," Bi Shamila akasema, "nimeona video za mkutano walizonitumia watu wa Usoke. Saa nzima hukuigusa maiki. Mtangazaji akishajua kujitawala, fundi wa nini? Tutamtuma peke yake."

Nikaeleza habari ya hedifoni. Mustafa akacheka, tena bila ubaya. "Jamani Zuwena, hedifoni ni za kusikilizia tu." Wote wakacheka naye.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nyumbani namenya viazi, Mustafa yuko Kigwa. Hata salamu hajamaliza, redio ikaanza kukwaruza. Nilifurahi, sifichi. Ilipoita simu ya Bi Shamila, nikafuta mikono haraka na kupokea.

"Shikamoo, Bi Shamila."

"Marahaba. Zuwena, ile mashine uliiharibu wapi kabla hujaondoka?"

Nikamwambia sikuiharibu.

"Mwanangu, sema kweli tu. Mustafa anasema siku ile ya Usoke hukuigusa, ndiyo maana ilikuwa nzima."