Programu Iliyomkataa Shangazi

Injini ya teksi ilikuwa inanguruma tayari, na Shangazi alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, sanduku kalipakata kama mtoto wa kuazima, pale mkwe wa kaka yake alipochomoka dukani na kandambili moja. Nyingine ilibaki mlangoni.

"Shangazi, usiende! Imekufa!"

"Nani kafa?" dereva akauliza, akazima gari kwa heshima.

"Programu! Naifungua, inachungulia, inajifunga."

Shangazi akafumba macho. Angekuwa mtu kafa, angetoa pole dirishani na safari ikaendelea. Lakini programu ile ndiyo iliyoshika ufunguo wa safari yenyewe.

Duka lilikuwa la kaka yake, la kuchapa kadi za harusi, kalenda na matangazo. Shangazi ndiye aliyezipanga kazi zote hizo kwenye kompyuta tangu hajaota mvi hata moja. Sasa alikuwa anakwenda mji mwingine kufungua duka lake mwenyewe. Siku aliyomwambia kaka yake, mzee alinuna mpaka chai ikamganda mkononi, kisha akasema:

"Nenda. Lakini utatoka humu na nguo zako tu, hata pini ya duka usiiguse. Na siku ya kuondoka, mke wa mwanangu aifungue programu mbele ya macho yangu. Ikifunguka, nakupa mkono na baraka zangu zote. Isipofunguka, usiseme una kaka."

Wazazi walikuwa wameshatangulia, na kaka huyo ndiye aliyemlea. Kufungua duka bila mkono wake Shangazi aliona ni sawa na kulala nyumba isiyo na mlango: usingizi utakuja, lakini wa jicho moja. Ila jana programu ilifunguka vizuri, ndiyo maana alitangulia kupanda teksi, akingoja tu kuitwa apewe mkono.

Akashuka garini, na sanduku akashuka nalo.

"Liache, mama, nitalilinda," dereva akasema.

"Kwa buti hilo la kufunga na kamba?"

"Basi libaki kitini."

"Nashuka nalo."

Mwenye jambo la kuficha hakiamini hata kivuli chake. Chini ya magauni, chini ya viatu vyake vya kutokea, Shangazi alikuwa amelaza kibodi ya duka, ile isiyo na waya. Vidole vyake vilikuwa vimeifuta herufi zote, imebaki na vitufe vyeusi vitupu, na hakuna mwingine aliyeweza kuandika nayo hata jina lake. Mahali pake aliweka kibodi mpya ya waya iliyokuja na kompyuta, ambayo haikuwahi kutolewa kwenye boksi. Kitandani alikuwa amebishana na nafsi yake akashinda: huu si wizi, ni mtu kuhama na meno yake. Zipu ya sanduku ilikuwa imekufa, kwa hiyo akalikaza kwa mkanda mpaka likaguna.

Ndani, Kaka alikuwa kwenye stuli, mikono kaikunja, miwani iko kwenye paji la uso.

"Umerudi? Nilidhani umeshafika."

"Usinianze, Kaka."

Akaweka sanduku miguuni, akabofya. Dirisha la kukaribisha likatokea, likauliza kwa adabu, kazi mpya au ya zamani? Kabla hajajibu, likatoweka. Akabofya tena. Likatoweka tena.

"Zima, uwashe," akamwambia mkwe.

Wakazima, wakawasha. Yale yale. Akadhani ni kazi ya mwisho imeharibika, akaihamisha. Yale yale. Akachomoa waya wa printa. Akasaka virusi, asikute hata kimoja. Mwishowe akaing'oa programu yote na kuiweka upya, jasho likimtiririka shingoni, na Kaka akipiga miayo ya makusudi.

"Jana si ilikuwa nzima?" mkwe akanong'ona.

"Nzima kabisa."

"Mbona leo inazimia kama mwenye presha?"

Shangazi akaingia chini ya meza kukagua nyaya. Hapo ndipo dereva aliposhindwa kuvumilia. Lori la mizigo lilikuwa linampigia honi apishe njia. Akaingia, akalinyakua sanduku bila kuuliza, akalitupa garini, akaendesha mpaka kona ya mtaa.

"Imefunguka!" mkwe akapiga kelele. "Shangazi, umefanya nini huko chini?"

Shangazi akaibuka na utando wa buibui nywelini. Kweli, programu ilikuwa imetulia kwenye skrini kama haikutenda kosa. Kaka akasimama taratibu, akajifuta kiganja kwenye suruali, akaanza kuunyoosha mkono.

"Sanduku langu liko wapi?"

"Dereva kalichukua," mkwe akasema.

Mkono wa kaka ukabaki hewani. Shangazi alishafika mtaani. Akarudi anatweta, sanduku begani, na alipokanyaga kizingiti tu, mkwe akafungua kazi mpya na dirisha likafumba jicho.

"Ah!" Kaka akaurudisha mkono mfukoni. "Na mkono ulikuwa njiani."

"Shangazi," mkwe akasema, akijizuia kucheka, "usinichukie. Nadhani inakukataa wewe."

"Kompyuta haina moyo, binti."

"Hebu toka kidogo, tuone."

Akatoka na sanduku lake, akafika kwenye gari kule konani. "Imefunguka!" Akarudi. "Imejifunga!" Akatoka tena. "Imefunguka!" Dereva akaegemea gari, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, hata mke wangu hajawahi kunifukuza hivyo!"

"Kumbe imenichoka," Shangazi akasema. Na ukweli ni kwamba ilimuuma. Miaka yote ile aliyoihudumia, kuifuta vumbi, kuizimia umeme kukinguruma radi, leo inamfungia mlango usoni. Akarudi mpaka kizingitini, akaliweka sanduku chini kwa hasira.

"Dada," Kaka akasema, uso mkavu kama ukuta, "wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Shangazi akalitazama sanduku. Akakumbuka jinsi mkanda ulivyokaza. Akakumbuka viatu vya kutokea, kisigino chembamba kimeangalia chini, kwenye kona. Na kwenye kona ya kibodi kuna kitufe gani? Kile cha kuondokea, Esc! Kibodi ilikuwa hai humo ndani, inasikika mpaka dukani, na kisigino kilikuwa kinaiambia kila programu: ondoka, ondoka, ondoka.

Uso ukamwaka moto. Akafungue sanduku mbele ya watu? Afe kwanza.

"Dereva!" akaita kwa sauti tamu isiyo yake. "Chukua sanduku, mwanangu. Lipeleke kule mbele. Mbele kabisa."

"Si ulisema buti..."

"Nakuamini!"

Alipoingia tena, mikono mitupu, programu ilikuwa wazi, mkwe ameshaanza kupanga kadi. Kaka akasimama. Safari hii mkono ulifika. Ulikuwa wa moto, na ndani yake mlikuwa na kitu kidogo kigumu. Shangazi akafunua kiganja. Kilikuwa kile kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, kinachoisikiliza kibodi isiyo na waya.

"Ulikisahau," Kaka akasema chinichini. "Kibodi bila hiki ni ubao wa kukatia vitunguu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nimeona herufi mezani. Lini duka hili limekuwa na kibodi yenye herufi?"

"Na ukaniacha nipande na kushuka na sanduku kama kuli?"

"Nikose sinema hiyo?" Kisha akatazama pembeni. "Yale ya nguo zako tu, nilisema kwa hasira. Mwenye hasira husema pumba. Nenda, dada. Ukauze."

Shangazi alifungua duka lake, na lina kazi ya kutosha. Bado anatumia kibodi ile, na bado haina herufi. Kaka humtembelea sikukuu zikifika, na jambo hilo hawalizungumzi. Mkwe ndiye anayeendesha duka la zamani. Programu haijifungi tena, ila umeme ukikatika. Dereva aliuza teksi, sasa anauza mbao. Sanduku lilikatika mshikio, likatupwa.