Nepi za Ubatizo

Teresina alisema mara moja tu: "Nepi za ubatizo chagua wewe mwenyewe, Mama Jubek." Lilly alikwenda nalo neno hilo mpaka soko la Custom kama mtu aliyebebeshwa mayai. Tangu aolewe, Teresina, mama mkwe wake, hakuwahi kumwachia achague hata chumvi.

Kwenye kibanda cha Kisakye, mfanyabiashara kutoka Uganda, zilining'inia nepi za kitambaa za kila rangi, zenye vishikizo badala ya pini. Lilly alizipapasa karibu zote. Akachukua sita za buluu, zenye nyota.

"Unajua kuzitumia?" Kisakye aliuliza, akimpa karatasi ya maelezo.

Wanawake wengine walikuwa nyuma wakingoja. Lilly aliishia darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi Uganda, na karatasi ile ilikuwa Kiingereza kitupu.

"Najua," alisema, akaikunja vizuri kama mtu atakayeisoma akifika.

Nyumbani, mtaani Nyakuron, alikuta kila nepi ina mfuko, na ndani ya mfuko kitambaa kinene cheupe. Akakumbuka viatu vipya, vinavyouzwa vimejazwa karatasi ili visibonyee. Akavichomoa vyote sita. Lakini vilikuwa vizuri mno kutupwa, basi akavipeleka jikoni vya kushikia sufuria ya moto.

Jumapili, kanisani, Jubek alipendeza. Mama yake wa ubatizo, Roselyn, alimpakata juu ya gauni lake jipya la manjano. Padre hajagusa hata maji, gauni likabadilika rangi kutoka kiunoni hadi magotini.

"Ya jamaa!" Roselyn alisema, kanisa zima likasikia. "Padre bado, mtoto ameshanibatiza mimi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mabenchi. Lilly aliinama akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Teresina hakucheka. "Yule mwanamke wa Custom ametuuzia takataka," alisema wakirudi. "Kesho tunamwendea."

Jioni Lilly alimwaga maji mezani, akayafuta kwa kilichokuwa karibu. Kile kitambaa cheupe kikayanywa yote, meza ikabaki kavu. Akachukua nepi moja, akaingiza kidole kwenye mfuko wake mtupu. Mama mkwe alikuwa hapo nje tu, akichambua mboga. Lilly akakikamua, akakianika nyuma ya nyumba.

Asubuhi Teresina alizitupa nepi juu ya bidhaa za Kisakye. "Mwizi wewe! Umemwaibisha mjukuu wangu mbele ya Mungu!"

Watu wakakusanyika. Kisakye aliingiza mkono kwenye mfuko wa nepi, akakuta hamna kitu. Akamtazama Lilly mara moja. Lilly akatazama sikio la Jubek.

"Banange, jamani," Kisakye alisema taratibu. "Labda nilisahau kuweka vitambaa vya ndani, mama. Nisamehe, nitakupa vingine."

Akaanza kuvichomoa kwenye nepi alizoning'iniza. Kimoja. Cha pili. Zile nepi tupu nani angezinunua?

"Hakusahau," Lilly alisema.

"Unasema nini?" Teresina aliuliza, na ikabidi Lilly aseme tena, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Hakusahau, mama. Nilivitoa mimi. Nilidhani ni vya kujazia tu. Viko jikoni, tunashikia sufuria."

Dereva mmoja wa boda alipiga kofi tangi la pikipiki yake. "Kumbe sufuria ndiyo iliyovaa nepi!"

Kicheko kikaenda mpaka kibanda cha tatu. Teresina alingoja kiishe.

"Umejua tangu lini?"

"Jana jioni."

"Na ukaniacha nimwite mtu mwizi."

Teresina, ambaye nyumbani haombi mtu radhi, alikishika kiganja cha Kisakye kwa mikono yake yote miwili, mbele ya watu wale wale. "Malesh, binti yangu. Nimekutukana bure. Malesh sana." Lilly alitamani kicheko kirudi, ili asiyasikie maneno hayo.

Kisakye alimvutia Teresina kigoda, akatandaza nepi magotini na kuanza kuonyesha: kitambaa kinaingia hivi, kinalazwa hivi. Lilly alibaki nyuma na mtoto begani, akijaribu kuona juu ya kilemba cha mama mkwe.

"Sogea," Teresina alisema bila kugeuka. "Huko huoni kitu."

Akasogea.