Ndoo Isiyo na Mawe

Siku niliyoingiza kizimba uani kwake, Bi Mwanvua alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akasema kinyonga hafugwi. Nilimwonyesha kibali cha ofisi ya wanyamapori. Alikisoma juu chini, akanirudishia.

"Mwalimu, hapa wameandika wewe ufuge. Hawajaandika mimi nipende."

"Sijakuomba upende, Bi Mwanvua. Nimekuomba kona."

"Kona chukua. Ila kisinitoke humo ndani."

Nimepanga vyumba viwili kwake, Ujiji, tangu nilipohamishwa kutoka Bukoba kuja kufundisha baiolojia. Ni mjane, nyumba ni yake, na ua wake unafagiwa asubuhi na alasiri, uwe na jani au usiwe nalo. Kinyonga nilimchukua Mwandiga, kando ya barabara, pale watu wazima na akili zao walipokuwa wakimponda mawe. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevimba. Nilikusudia apone nimrudishe porini, basi. Lakini nilipomwinua kwenye mwanga niliona ubavuni mwake vinundu vingi vidogo, kama maharage ndani ya mfuko laini. Alikuwa jike, na alikuwa na mayai.

Hapo suala likabadilika. Kinyonga wa aina hii hatagi juu ya mti. Hushuka chini, huchimba handaki refu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole, hutaga mle ndani, kisha huondoka. Asipopata udongo unaomfaa huyashikilia mayai, na mayai humwua. Hili si jambo la maoni. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote ilinibidi nichague vyombo na udongo, na nichague vizuri.

Bi Mwanvua alinipa madumu ya njano ya mawese, yaliyokatwa shingo. Yeye mwenyewe anapandia mchaichai humo. Niliyakataa, kwa sababu mafuta hayatoki kwenye plastiki hata ukisugua, na maji hupita pembeni bila kuulowesha udongo. Dukani kando ya barabara kulikuwa na vyungu vya saruji vilivyopakwa rangi na kuchorwa waridi. Vifupi, na havina tundu chini. Muuzaji alisema maua yanapenda maji. Mizizi inayokaa kwenye maji yaliyotuama huoza, nikamwambia, akasema basi ninunue viwili. Mwishowe nilichukua vyungu vya udongo wa kuchoma, visivyopakwa kitu, vinavyopumua, kwa ajili ya mche wa mpera na haibiskasi mbili za kinyonga kupanda na kujificha. Kwa ajili ya mayai nilichukua ndoo nyeusi ya lita ishirini. Niliitoboa chini kwa msumari wa moto, nikatandika vigae vya chungu kilichovunjika, nikaiweka sakafuni mwa kizimba.

Udongo ulinitesa zaidi. Castory, seremala wa Mwandiga aliyekitengeneza kizimba, aliniletea kiroba cha udongo kutoka kitalu cha kahawa cha kaka yake. Ulikuwa mweusi, laini, unanukia mboji.

"Wameweka nini humu?" nikamuuliza.

"Mbolea ya mbuzi. Na ile dawa ya chembechembe, ya wadudu wa mizizi."

"Rudi nao."

"Mwalimu, kahawa hiyo hiyo ndiyo tunayokunywa."

"Wewe kunywa, Castory. Yeye uzito wake ni wa yai moja la kuku." Nikamweleza kwamba dawa ile hupandishwa na mizizi mpaka kwenye jani, kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya jani, tena hula panzi aliyelitafuna jani. Castory alikuna shingo.

"Ego, mwalimu, sawa," akasema. "Nilifikiri tunapanda maua, kumbe tunafungua zahanati."

Alirudi na udongo mwekundu wa shambani usio na dawa. Peke yake ulikauka ukawa tofali. Mchanga wa ziwani peke yake ulibomoka kabla sijatoa kidole. Nilichanganya, nikalowesha kidogo, nikazamisha mpini wa jembe hadi chini na kuuchomoa. Shimo likibomoka, naongeza udongo mwekundu. Likiwa gumu kama ukuta, naongeza mchanga. Nilirudia hadi shimo liliposimama wima na kubaki hivyo.

Juu ya udongo wa vyungu vya miche nilipanga mawe laini ya ufukweni, makubwa kuliko kinywa cha kinyonga, ili anapomrukia panzi kwa ulimi asimeze udongo. Ndoo sikuiwekea jiwe hata moja, maana hawezi kuchimba mawe.

Haya yote nilimweleza Bi Mwanvua, mbele ya kizimba, nikimwonyesha kwa kidole. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na hao panzi," akasema, "si ndio ndugu wa senene wenu wa Bukoba? Mwalimu, wewe na mdudu wako mnachangia sahani."

Nilicheka. Nilidhani ameelewa.

Mguu ulipona. Jike akaacha kula. Akawa anashuka, anazunguka sakafuni, anapanda ukingo wa ndoo, anashuka tena. Dalili hizo zinajulikana. Jioni moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amerudi tawini, kucha zimejaa udongo, na juu ya ndoo udongo umelala sawa, umelowa. Nikasema mchanga umezidi, handaki limebomoka. Nikachanganya upya. Kesho yake ikawa vile vile. Nikachanganya tena, na safari hii nikaujaribu kwa mpini mbele ya macho yangu, shimo likasimama kama bomba. Nilikwenda kazini na uhakika.

Niliporudi, udongo ulikuwa sawa kama meza. Macho ya jike yalianza kuzama, na hiyo ni dalili mbaya. Niliinama na tochi ya simu nikaukagua udongo ule. Vidole vya kinyonga vimeungana mafungu mawili, kama koleo. Alama niliyoiona ilikuwa ya kiganja cha mtu, vidole vimeachana, na kimoja kimeacha mchoro wa pete.

Bi Mwanvua alikuwa jikoni uani, anakata migebuka.

"Shikamoo, Bi Mwanvua."

"Marahaba. Leo umewahi."

"Umeushika udongo wa ndoo yangu?"

"Nimefukia shimo," akasema, bila kuficha na bila kuacha kukata. "Kila alasiri nikifagia nakuta shimo. Nafukia, nashindilia, namwagia maji. Ulifikiri nani anakutunzia?"

Nilizima tochi ya simu, nikasema polepole.

"Nilikuambia ndoo ile ni ya yeye kuchimba."

"Uliniambia ya kutagia. Kuku wangu wanatagia kapuni, hawachimbi kaburi."

"Si kaburi."

"Refu, jembamba, na lilichimbwa na kinyonga. Mimi sikubali shimo lilale wazi uani kwangu, huita mtu wa kulijaza. Mafundi wa choo waliliacha shimo wazi hapo, unapokanyaga wewe sasa hivi, wakaondoka. Asubuhi marehemu mume wangu hakuamka."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Presha."

"Basi alikufa kwa presha."

Kisu kilisimama juu ya samaki. Bi Mwanvua aliniangalia, na nilijua kwamba baada ya sentensi ile hatutakuwa tena mpangaji na mwenye nyumba wanaotaniana. Ilikuwa sentensi sahihi.

"Usimtaje mume wangu kwa mdomo huo," akasema.

"Na wewe usiue mnyama wangu kwa mkono huo. Kila unapofukia anaanza upya, na nguvu hana. Ukifukia tena atakufa na mayai tumboni. Unataka nikuoneshe macho yake?"

"Mtoe uani kwangu."

"Akihamishwa sasa atasusa kuchimba. Atakufa vile vile."

"Basi kesho," akasema, na kisu kikaanza tena kukata, kwa nguvu kuliko samaki alivyohitaji. "Kesho Jumamosi, huendi shule. Achimbe, atage, afanye anavyotaka. Ikiadhiniwa magharibi shimo liko wazi, naingiza mkono mwenyewe. Awemo ndani au asiwemo."

"Awemo ndani?"

"Umenisikia."

Asubuhi nilifunga shuka kuukuu upande wa mbele wa kizimba, maana jike akiona watu husitisha kazi, nikaacha upenyo mdogo wa kuchungulia. Nikakaa juu ya kigoda. Bi Mwanvua alitandika mkeka mkabala nami, akakaa na sinia la mchele wa kuchambua. Hatukusalimiana zaidi ya inavyotakiwa. Castory alipita kurekebisha bawaba ya mlango wa kizimba, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnamlinda nani?" akauliza.

"Muulize daktari," akasema Bi Mwanvua.

"Bawaba itangoja," nikasema.

"Naona hata mimi ningoje," akasema Castory, akachukua sanduku lake la vifaa akaondoka.

Jike alishuka jua lilipopanda. Alianza kuchimba ukingoni mwa ndoo, miguu ya mbele ikifukua, ya nyuma ikisukuma udongo nje. Handaki halikubomoka. Kichwa kikaingia, kisha mabega, kisha ikabaki ncha ya mkia, nayo ikapotea. Nilikuwa na kila kitu sahihi: kina, unyevu, uwiano wa mchanga na udongo mwekundu. Kitu kimoja sikukijua, nacho ni muda atakaochukua. Wengine humaliza kwa mchana mmoja, wengine hulala humo humo handakini hadi kesho yake. Sikumwambia Bi Mwanvua.

Adhuhuri aliswali, akarudi mkekani. Alasiri aliswali, akarudi na ufagio. Alifagia ua mzima kuanzia upande wa jikoni, akija kwangu, mistari ya ufagio ikipangana nyuma yake. Alipofika miguuni pangu nilisimama.

"Nipishe."

"Ulisema magharibi."

"Nafagia ua wangu."

"Fagia kwingine. Hapa usiguse."

"Mwanangu, unanizuia nyumbani kwangu?" Neno mwanangu alilisema kama mtu anayetema kokwa.

"Nakuzuia kuvunja neno lako. Jua lile pale. Ulitoa saa mwenyewe, mbele yangu, sikukuomba."

Alilitazama jua, lilikuwa bado juu ya ziwa. Akatupa ufagio chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akakaa mkekani na mikono magotini. Mimi sikukaa tena. Kama angekuja, nilikuwa nimeamua kumshika mkono. Mwanamke wa umri wa mama yangu, nyumbani kwake. Nililiwaza jambo hilo kwa utulivu, na sikuliona kuwa baya kuliko alilotaka yeye kulifanya.

Jua liligusa maji. Nilichungulia. Shimo lilikuwa wazi, jeusi, kimya.

Kisha udongo wa mdomoni ulicheza. Kichwa kilitoka, kimechafuka, rangi imekuwa ya kahawia iliyokolea. Akajivuta hadi nje. Ubavu uliokuwa na maharage ulikuwa umebonyea, ngozi imelegea kama nguo ya kuazima. Nilidhani atapanda tawini. Hakupanda. Aligeuka, akaanza kuvuta udongo kuurudisha shimoni, fungu kwa fungu, akisimama kupumua, kisha akipanda juu yake na kuukanyaga.

Msikiti wa jirani uliadhini. Bi Mwanvua alisimama papo hapo, akaja, akanipita, akafunua shuka. Nilikuwa nimeshainua mkono. Sikuushusha, lakini sikumgusa pia, kwa sababu yeye naye alikuwa amesimama bila kuingiza wake.

"Nani anafukia?" akauliza.

"Si unamwona."

Jike alivuta fungu jingine. Shimo lilikuwa limebaki kishimo cha kuingia limau. Akalijaza. Akalikanyaga, akazunguka, akalikanyaga upande wa pili.

"Anashindilia," akasema Bi Mwanvua. Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu aliyemkuta mgeni anatumia kijiko chake.

"Ndivyo wanavyofanya. Hawaachi wazi."

"Mbona hukuniambia?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilikuwa nimemweleza kina, unyevu, mawe na dawa. Kufukia sikukutaja, kwa kuwa kwangu hakukuhusu uchaguzi wa udongo.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Na ndani ameacha nini?"

Ningeweza kusema hakuna kitu, na jioni ile ingeishia hapo.

"Mayai. Arobaini huenda. Yatakaa humo miezi mingi, mpaka masika yajayo pengine. Ndoo haitakiwi kusogezwa wala kukauka."

"Miezi mingi. Uani kwangu."

"Ndiyo."

Alishusha shuka akalinyoosha kwa kiganja, kile chenye pete.

"Maji sitamwagia."

"Sijakuomba. Nakuomba usiiguse."

"Na wewe usimtaje mume wangu."

"Sitamtaja."

Akaenda kuswali. Sikumwomba radhi, naye hakuomba. Nilinyunyiza maji juu ya haibiskasi, jike akapanda kwa taabu, akanywa tone baada ya tone kutoka kwenye majani yale yale niliyoyakatalia dawa.

Asubuhi niliamshwa na ufagio. Nilipotoka, Bi Mwanvua alikuwa amemaliza na amenipa mgongo, anawasha jiko.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema, bila kugeuka.

Nilikagua ndoo. Hakukuwa na kiganja, hakukuwa na jiwe. Ua wote ulikuwa na mistari ya ufagio, iliyonyooka kutoka jikoni hadi kwenye kizimba. Hapo mistari ilisimama, ikapinda, ikazunguka kizimba kwa mbali, ikaacha ukanda mpana wa vumbi na majani ambao hakuna aliyeufagia.