Kibati chenye Jina Langu

Kiwandani kwetu, nje kidogo ya mji wa Modena, Italia, injini ya gari la mbio huundwa na fundi mmoja mwanzo hadi mwisho, kisha hupigiliwa kibati chenye namba na jina lake. Ermes Zagatti ndiye mimi. Wapenzi wa magari yetu huniletea mvinyo kila Krismasi kwa sababu ya kibati hicho.

Mwezi Machi bosi mpya, Lanfranchi, alinitupia mezani sanduku la vibati. Vyote vina jina langu.

"Vya nini?"

"Vya lile gari jipya la familia, mzee. Injini zinakuja zimeshaundwa."

"Mimi sijazigusa!"

"Nani atajua? Gari hilo lisipouzika tunafunga, na wenzako wote wanarudi nyumbani."

Nikavipigilia, mjinga mimi. Injini namba tisa ilipowashwa, niliisikia ikigonga ndani, polepole, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nilimwambia mkaguzi, akacheka.

"Masikio yamezeeka hayo. Kompyuta imeipitisha."

Jana alinipigia simu Bruscagli, mteja wangu wa miaka thelathini.

"Ermes! Nimemnunulia binti yangu lile gari jipya. Nilisitasita, lakini nilipofungua boneti nikaona jina lako, na namba tisa. Nikamwambia, huyu namjua, mpakie mtoto twende milimani bila wasiwasi."

"Mnaondoka lini?"

"Tuko njiani, tunashuka mlima. Hebu sikiliza inavyonguruma!"

Akaisogeza simu mbele. Nikasikiliza.